Anwani Ambayo Mwanawe Angeikuta

"Dada, wewe ukiwa umepotezana na watu wa kwenu, halafu ukapata simu yenye mtandao, ungeandika nini kwanza ili uwapate?"

Jirani yangu aliniuliza hivyo tukiwa uwani, mimi nakamua mashuka, yeye anapuliza makaa ya pasi. Nikamjibu kwamba ningeandika jina la mama yangu na jina la mtaa wetu. Akaitikia kwa kichwa, akalowesha kidole kwa mate, akagusa chini ya pasi ikalia chwii, akasema, "Basi hayo ndiyo yataandikwa."

Tulimwita Mama Pasi. Alikuja kupanga chumba cha mwisho katika nyumba yetu, mzigo wake ukiwa pasi mbili za mkaa, meza, na blanketi la kutandika juu ya meza. Mimi kazi yangu ni kufua. Nguo zikitoka kwangu zinaingia kwake, watu wakatuzoea kama kikombe na kisahani. Alikuwa mrefu, mwembamba, na kikohozi chake tulikizoea kiasi kwamba asubuhi kisiposikika tulikwenda kumgongea mlango. Maneno yake yalikuwa na chumvi. Bwana mmoja alimrudishia shati, analalamika kwamba mbele lina mikunjo. Mama Pasi akalitazama, akamtazama na mwenyewe. "Baba, mkunjo huu si wa pasi. Ni wa tumbo. Nikulipie na chakula?"

Lakini ndani alikuwa amebeba jambo zito. Mwanawe wa pekee alikwenda nchi ya mbali kufanya kazi, na kila alipopata nafasi alipiga simu. Siku moja mama akaporwa simu njiani. Laini ilikuwa imesajiliwa kwa jina la mwanawe mwenyewe, kwa hiyo watu wa kampuni ya simu hawakukubali kumrudishia namba ile. Namba ya mtoto nayo ilikuwa ndani ya simu, kichwani hakuwa nayo. Hata hapo angeweza kuvumilia, maana mtoto anajua njia ya kwao. Ila mwaka huohuo nyumba za mtaa wao zikapigwa alama nyekundu, tingatinga likapita, na palipokuwa na kitanda chake leo panapita malori. Majirani walitawanyika, kila mtu na godoro lake kichwani. Mtoto akabaki na namba isiyoita na nyumba isiyokuwapo.

Sikuwahi kumsikia akisema mwanawe amekufa. Alichokiogopa ni kwamba mtoto yu hai huko aliko, na ameshamlilia mama yake akamaliza.

Binti wa kaka yangu, ambaye ni karani katika shule, alimwekea tangazo kwenye ukurasa wake wa mtandaoni. Watu wakatoa pole, wakaweka na vile vimikono vya kusali, kisha tangazo likazama chini ya picha za harusi.

"Hapa ni sokoni," Mama Pasi akasema. "Kila mtu anapiga kelele zake na kuondoka. Mimi nataka nyumba. Ikae palepale, iwe na anwani."

"Basi unataka tovuti, mama," binti akamwambia. Akamweleza kwamba tovuti lazima ipate mahali pa kuhifadhiwa, kwenye mashine isiyozimwa usiku wala mchana, na mahali hapo mtu anapangishiwa kama chumba.

"Wapo wanaoweka bure," akaendelea. "Lakini anwani itaanza na jina lao, watabandika matangazo yao juu ya picha ya mwanao, na usipoingia muda mrefu wanafuta."

"Hiyo ni kulala sebuleni kwa watu. Wakipata wageni unaamshwa. Wengine?"

"Zipo kampuni kubwa za nje."

"Nje wapi?"

"Mbali. Hata mimi sijui ni wapi hasa."

"Na wakizima, nikagonge mlango gani?"

Binti akarudisha simu mfukoni.

Hivyo ndivyo tulivyofika kwa Profesa, mwenye duka la fotokopi pale kona. Jina hilo alipewa kwa sababu ya miwani yake ya kamba na kwa sababu hawezi kukuuzia bahasha bila kukueleza historia ya karatasi. Alisikiliza habari yote amesimama. Alipomaliza kusikiliza akainama chini ya meza, akasogeza ndoo ya deki, akatuonyesha sanduku jeusi lenye taa ya kijani.

"Hii ndiyo seva yenyewe. Kwangu unaiona kwa macho. Umeme ukikatika, ina betri."

Mama Pasi akachuchumaa. "Ndipo atakapokaa?"

"Ndipo hapo, mama."

Akaifuta vumbi kwa kitambaa chake cha kichwa.

"Na jina la anwani unalisajili kwa nani?" binti akauliza.

Profesa akacheka. "Wote nawasajili kwangu, ndiyo rahisi. Wewe umemwona wapi mpangaji anadai hati ya kiwanja?"

Tukacheka, Mama Pasi kuliko sote. Binti alinuna mpaka tunafika nyumbani. Njiani mwenzangu akaninong'oneza, "Binti yako anajua mitambo. Mimi najua milango. Huyu nikigonga anafungua."

Ukurasa ulipokamilika ulikuwa na picha ya kijana akiwa na sare ya shule, kola imenyooka kama mbao, kazi ya mama yake. Chini yake jina kamili la mama, jina la mtaa uliovunjwa, namba mpya ya simu, na kisanduku cha kuandika ujumbe. Ujumbe ukiingia ulikwenda kwa Profesa, naye angeuleta kwa miguu. Mama Pasi alishona kifuniko cha kitambaa kwa ajili ya ile seva, na kila mwisho wa juma alikwenda kukikung'uta.

"Mtoto wako halii wala hakojoi," Profesa alikuwa akimtania. "Natamani wangu wangekuwa hivi."

"Wako wamefuata maneno yako. Hawanyamazi."

Ujumbe haukuja. Ila usiku sasa alilala, na mimi niliyepakana naye ukuta nilimsikia analala. Nilimshukuru Mungu kwa hilo.

Kisha Profesa akafa. Alianguka bafuni asubuhi, hakuinuka tena. Tulikwenda msibani kama majirani wote. Mimi niliosha vyombo, Mama Pasi akapiga pasi nguo za wafiwa tangu watoto hadi wazee. Duka lilikuwa limefungwa na umeme wake umezimwa. Binti alipojaribu kufungua ukurasa wetu, haukufunguka.

Akamvuta Mama Pasi pembeni. "Mama, nenda kawaambie ndugu zake wasiiguse ile mashine. Waulize kama aliacha neno la siri mahali."

"Niende nikaseme nini? Mtu hajazikwa, mimi nimefuata changu?"

"Si chako, ni cha mwanao."

"Ndiyo changu chenyewe hicho. Mtu mzima haingii msibani na madai."

Mimi nilikuwa upande wake, maana ndivyo tulivyolelewa. Aliyefiwa unampa bega, humpi hesabu. Tukasubiri matanga yaishe, tukasubiri na wageni wa mbali waondoke. Ndipo tukaenda, tumevaa vizuri, tumebeba na sukari.

Kaka wa marehemu alitupokea kwa heshima sana, akatuketisha. Akasema vitu vya dukani vimekwisha kugawanywa. Lile sanduku alilichukua mpwa wao mwenye ukumbi wa kuonyesha mpira.

"Lilikuwa limejaa takataka za watu," akasema, wala hakuwa na ubaya. "Kalisafisha lote."

Mama Pasi alikuwa ameshika kikombe cha chai. "Kulikuwa na picha ya kijana mwenye sare."

"Mama, picha hatukuangalia."

Neno la siri la ile anwani marehemu alikwenda nalo. Muda wake ulipokwisha, watu wasiojulikana wakaichukua. Leo ukiiandika linafunguka tangazo la kamari. Binti alinionyesha mimi, Mama Pasi hatukumwonyesha.

Lakini lililomla hasa ni kile kisanduku cha ujumbe. Kati ya siku Profesa alipoanguka na siku umeme wa duka ulipozimwa kulikuwa na muda ambao mashine ilikuwa bado inapokea na msomaji hayupo. Alilisema mara moja tu, akiwa mezani. "Labda aliandika." Akabaki ameinamisha kichwa, pasi imetulia juu ya mkono wa gauni la muuguzi, mpaka moshi ukapanda. Tangu nimfahamu sikuwa nimeona ameunguza nguo.

Baada ya hapo kikohozi kikabadilika. Hospitali wakamwambia ni mapafu, ni moshi wa miaka mingi, na aache makaa. Akawauliza kama akiyaacha yatarudi kuuchukua moshi aliokwisha kuvuta. Daktari akatazama karatasi zake.

Aliporudi alimwita binti, akaketi kitandani, akauliza habari za kampuni za kuhifadhi tovuti jinsi mtu anavyouliza habari za ukoo unaoleta posa. Jina la anwani litaandikwa kwa nani? Mwenye tovuti akifa, ufunguo anapewa nani? Malipo yakikwama, wanakutoa siku ileile au wanakuita kwanza? Anayejibu ni mtu au ni mashine?

Binti akayaandika kama yalivyo, akayapeleka kwa kampuni tatu. Ya kwanza haikujibu kabisa. Ya pili ilijibu palepale, ikamwita mteja mpendwa, ikamsifu, ikamtakia siku njema, na swali hata moja haikuligusa.

"Huyo ni mchumba wa kituo cha basi," Mama Pasi akasema. "Mpite."

Ya tatu ilijibu kesho yake, na aliyeandika alitia jina lake chini. Alisema anwani itakuwa ya mama mwenyewe, na anaweza kuandikisha mtu wa pili atakayeshika ufunguo. Malipo yakikoma watatoa taarifa, watasubiri mwezi mmoja, kisha watafuta kila kitu na hakitarudi. Akashauri wabaki na nakala nyumbani, kwa sababu mashine ni mashine.

Binti aliposoma hapo kwenye kufuta, sauti ikapungua. Lakini Mama Pasi alikuwa anaitikia kwa kichwa. "Huyu kasema kweli. Kasema atanifuta. Tumchukue huyo."

Mama Pasi akaniandikisha mimi kuwa mtu wa pili. Picha yenye sare ilikuwa ni ile moja, Profesa alibaki nayo dukani ikapotea pamoja na seva, kwa hiyo tukatumia ndogo ya kitambulisho cha zamani, kijana ametoa macho kama aliyeshtuliwa usingizini. Safari hii anwani yenyewe ikawa jina kamili la mama. Mungu ndiye mlinzi, najua, ila hata Yeye hajatukataza kufunga mlango.

"Tulipie muda gani?" binti akauliza.

"Mwisho wao ni miaka mingapi?"

"Kumi, mama."

"Bonyeza kumi."

Binti akanitazama, nami nikatazama dirishani. Meza na pasi zote mbili zilikuwa zimeuzwa asubuhi ile, blanketi limekunjwa pembeni. Mwenyewe alikuwa anapumua kama mtu aliyepanda ngazi, na amekaa tu.

Simu iliita mara chache miezi iliyofuata. Wauzaji wa bima, watu waliokosea namba, mlevi mmoja. Kila ilipoita alijifunga kitambaa vizuri kichwani kabla ya kupokea. Mwishoni mkono haukufika tena kichwani, akawa ananiashiria nimfunge mimi.

Nayaandika haya ukurasa ukiwa wazi, na namba iliyopo pale ni yangu. Nauangalia kila baada ya sala ya asubuhi. Jioni ya mwisho aliyoweza kusema maneno marefu binti alimuuliza kama kuna cha kubadilisha pale. Yeye akanigeukia mimi. Alijua vizuri jinsi ninavyouogopa uongo, akaniomba hivyohivyo.

"Dada, nikifa, msiandike pale kwamba nimekufa. Ondoa namba yangu, weka yako. Akipiga, mwambie mama yupo, ametoka kidogo, aje nyumbani. Akishafika, akishakula, ndipo umwambie."