Kinyozi wa Kwenye Filamu

Miaka ya kwanza ya uhuru, kabla Mwenyezi Mungu hajanijalia nyumba na watoto, nilikuwa mfasiri wa filamu pale mtaani kwetu, Buyenzi. Jumapili, baada ya swala ya alasiri, tulifunika madirisha ya ukumbi kwa mablanketi. Nilisimama kando ya kitambaa cheupe nikawaeleza watu kwa Kiswahili yale ambayo makauboi walikuwa wakisema kwa Kifaransa. Kifaransa changu kilikuwa cha darasa la sita. Kilipopungua, niliongeza ya kwangu.

Jumapili moja alikuja mzee mwenye kibanda cha kunyoa karibu na msikiti. Mwezi mzima nilikuwa nangoja jibu lake: wazee wangu walikuwa wameniposea binti yake, naye alisema tu kwamba anataka kunijua kwanza. Akakaa benchi la mbele.

Filamu ilianza na kinyozi. Jambazi anaingia, anaketi, anaweka bastola magotini. "Ninyoe vizuri. Ukimaliza, nitakuua." Kinyozi ananyoa polepole, kisha polepole zaidi. Anapaka povu upya, anayasifu masikio ya mteja. Tulicheka mpaka mabenchi yakalia. Kisha ukabaki mstari mmoja wa povu chini ya kidevu, na kicheko kikakatika chenyewe. Wembe ukasimama. Giza. Mara tukaona theluji, na ndugu wawili wakigombea blanketi moja.

"Umekata filamu!" watu walimpigia kelele mwendesha mashine. "Rudisha!"

Hakuwa amekata kitu. Ilikuwa filamu ya hadithi fupi nyingi, na hakuna kati yetu aliyewahi kuona filamu ya namna hiyo. Kwetu, tiketi moja ilikuwa hadithi moja.

"Mwanangu," mzee aliniuliza, "yule kinyozi amekufa ao hakufa?"

Sikujua. Lakini ningewezaje kumwambia mtu yule kwamba sijui?

"Amekimbia, Baba. Amepanda mlima. Atarudi mwishoni."

Basi ukumbi mzima ukamngoja. Ndugu wakafa kwa baridi, kila mmoja ameshika pembe yake ya blanketi. Akaja mjane mwenye farasi aliyemuua kila aliyempanda. Kinyozi hakuja. Taa zikawashwa.

"Mfasiri, kinyozi wako angali anapanda mulima?" mtu alipaza sauti kutoka nyuma.

"Mumupelekee maji!" mwingine akadakia.

Mzee hakucheka. Alivaa kofia yake akatoka.

Asubuhi iliyofuata nilikwenda kibandani kwake kuomba radhi. Kabla sijafungua kinywa alinionyesha kiti. Akanipaka sabuni, akainua kidevu changu kwa vidole viwili.

"Sasa niambie. Alikufa?"

"Sijui, Baba. Filamu haikuonyesha."

"Na ile mulima?"

"Niliutunga mimi. Niliogopa kwamba ukiniona sijui, utaninyima binti."

Wembe ulishuka taratibu shingoni. Nilisoma kimoyomoyo kila sura niliyofundishwa madrasani.

"Unatetemeka," alisema. "Mutu akitetemeka hivi, nitamukata bure. Tulia."

Alininyoa mpaka mwisho, akanipangusa kwa taulo, akautazama wembe wake kwa muda.

"Mi naona alimukata yule jambazi. Wembe ulikuwa karibu kuliko bastola." Akafikiri. "Ao hakuweza. Mukono ukizoea kunyoa, unanyoa tu."

Akaukunja wembe.

"Waambie wazee wako waje Ijumaa, baada ya swala," alisema. "Lakini wewe usije kuwafasiria."