Safu Mbili za Watoto wa Marehemu

Kazi yangu ni kuandika maneno ambayo mtu mwingine atayasema. Studio yetu iko Tarime mjini, chumba kimoja nyuma ya duka la mbolea. Tunarekodi matangazo ya misiba, harusi na mikutano, na watu wanatumiana kwenye simu. Familia inaleta karatasi. Mimi naiandika kwenye kompyuta, kwenye programu ya prompta, nakuza herufi, nakata mistari, kisha nayageuza maneno yawe kinyume, kwa sababu yakiakisiwa kwenye kioo kilicho mbele ya kamera yananyooka. Msomaji anatazama kioo, maneno yanapanda, na anayemwangalia kwenye simu anadhani ameyatoa kichwani.

Niliishia darasa la saba, naandika kwa vidole viwili. Lakini kukata mistari nilijua bila kufundishwa. Nilikuwa nasoma kwa kunong'ona, na pale pumzi inapoisha ndipo ninashuka chini. Bosi wetu, mama mmoja mwenye haraka, alikuwa anasoma mwenyewe, na mimi nilikuwa nasubiri siku atakapochoka anikalishe kwenye kile kiti. Siku moja alinijaribu. Nilisoma mistari minne. Akasema sauti yangu inabaki mdomoni.

Wiki iliyofuata alimleta binti wa rika langu, aliyemaliza kidato cha nne. Wazazi wake walitoka Geita kufuata dhahabu huku kwetu. Alisoma ukurasa mmoja tu, bosi akacheka kwa furaha, akaniambia niongeze mwendo wa maneno.

Wivu ulinianza siku hiyo. Ingekuwa rahisi kama angekuwa na maringo, lakini alikuwa ananiita dada, na akipata chai ananimiminia nusu. Sokoni watu walimsimamisha wamsalimie, mimi nikisimama pembeni kama mtu anayemsubiri. Nyumbani mama yangu aliangalia tangazo kwenye simu ya jirani, akaniambia kwa Kikurya kwamba yule binti anajua kupumzika mahali pa kupumzika. Pumzi zile zilikuwa zangu. Nikakata tonge jingine.

Jumanne moja ikaletwa karatasi ya msiba wa mzee mmoja wa upande wa Sirari. Marehemu alikuwa na wake wawili. Kwenye familia kama hiyo, huku kwetu watoto wanatajwa kwa nyumba za mama zao: kwanza wote wa mke mkubwa mpaka kitinda mimba, ndipo wa nyumba ya pili, hata kama wa nyumba ya pili ana umri mkubwa zaidi. Karatasi ilikuwa na safu mbili za majina, kushoto nyumba ya kwanza, kulia ya pili. Juu hapakuandikwa chochote, maana aliyeandika hakufikiri kuna mtu asiyejua. Mimi nilizielewa nilipozitupia jicho tu.

Nikaanza kuandika kutoka kushoto kwenda kulia. Jina la kushoto, jina la kulia, tena la kushoto. Kufikia jina la tatu nilijua ninachofanya, na vidole vyangu, ambavyo huwa vizito, siku hiyo vilikwenda vyenyewe. Nilifikiri: asome hivyohivyo, wajue ni mgeni.

Akasoma vizuri sana.

Kesho yake asubuhi alikuja mtoto wa kwanza wa marehemu, mtu mzima mwenye mvi, simu mkononi. Tulimwamkia, akaitikia, akakaa, akatuonyesha tangazo lote. Kisha akamgeukia msomaji.

“Binti, wewe ni wa wapi?”

“Kwetu ni Geita, baba.”

“Sawa. Sisi si mbuzi wa mnadani, kwamba kila mmoja anapita anapotaka. Mtoto wa nyumba ya pili umemtaja kabla ya dada zangu. Tangu jana ndugu wanaulizana nani amepanga mji wa baba upya.”

Bosi akaomba radhi, akaniangalia. Kabla sijafungua mdomo, yule binti akasema kosa ni lake, labda aliruka mistari, kwa sababu dada huwa hakosei.

Bosi akaamua palepale kwamba tangazo lirudiwe, na nisome mimi mwenyeji. Niliandika upya, nyumba ya kwanza yote, nikaacha nafasi, ndipo nyumba ya pili. Nikakaa kwenye kiti. Yule binti akashika kompyuta, na alipoona maneno yananikimbia akapunguza mwendo mpaka maneno yakapanda sawa na pumzi yangu. Nilifika mwisho bila kukwama. Yule mwenye mvi akasema hapo sasa. Bosi akasema kuanzia leo matangazo ya misiba ni yangu.

Nilikuwa nimekipata kiti. Yule binti alikuwa anakunja waya wa maikrofoni, ananitabasamia.

“Hakuruka mstari,” nikasema. “Karatasi ilikuwa na safu mbili. Niliziona, nikazichanganya.”

“Ulichanganya kwa haraka?” bosi akauliza.

“Mimi siandikagi haraka.”

Yule mwenye mvi akavaa kofia yake, akasema hayo ya mabinti tuyamalize wenyewe, yeye ameacha waombolezaji nyumbani. Bosi hakunifukuza. Alinirudisha kwenye kompyuta, akasema habari ya kile kiti nisimuulize tena.

Yule binti hajawahi kuniuliza kwa nini. Bado ananiita dada. Ila siku hizi karatasi ikija anaichukua yeye kwanza, anatoka nayo mlangoni na kuwauliza wenye msiba nani ni wa nyumba ipi. Anawauliza kwa Kikurya kidogo alichojifunza, anakosea, wazee wanamsahihisha wakicheka, na wakiondoka wanamshika mkono. Mimi nasikia yote nikiwa nimekaa na vidole vyangu viwili. Wivu unanipanda upya. Kisha ananiletea karatasi, nami naandika kila jina mahali pake.