Meno ya Maji ya Meru

Mpiga picha alishusha kamera akaniambia, "Mwalimu, tabasamu bila kufungua mdomo."

Walimu wote wa shule yetu ya msingi, pale Ngarenaro, tulikuwa tumepangwa mstari tukipigwa picha ya bango jipya la shule. Wenzangu wote walikuwa wanacheka. Na mimi nikacheka. Meno yangu ni ya kahawia, yana vishimo, na mawili ya mbele yana michirizi kama ukuta uliovujiwa na mvua.

"Piga tu kaka," nikamwambia. "Ndivyo nilivyo."

Alipomaliza, meneja wa shule akaniita pembeni. Ni mama mstaarabu, hajawahi kunipandishia sauti.

"Usinielewe vibaya, mwalimu. Wazazi watasema hapa hatufundishi hata kupiga mswaki. Kesho anarudi kupiga picha za madarasa. Turudie yako, ufunge mdomo. La sivyo itabidi nikutoe kwenye bango."

 Nilirudi kwangu Lemara nikiwa nimevimba kwa hasira, nikamjazia mwanangu chupa yake ya maji ya mvua ya kunywa shuleni.

Nimezaliwa upande wa kaskazini wa Mlima Meru, ambako mvua ni haba. Maji yetu yalitoka chini ya mwamba, maangavu na ya baridi, yakiwa na madini mengi ya floraidi kutoka kwenye mawe ya volkano. Jina hilo hatukulijua. Tulijua tu kwamba mtoto wa kwetu aking'oka meno ya utoto, yanayofuata yanaota na rangi. Nilisugua yangu kwa majivu mpaka fizi zikatoa damu. Baba alikuwa na ng'ombe aliyekonda mwaka ambao majani yalikuwa tele. Alipomfungua mdomo alikuta meno yamelika karibu yaishe. Ng'ombe huyo alikunywa palepale tulipochota sisi.

Chuoni nilikuwa nazungumza huku nimeziba mdomo kwa kiganja. Siku mkufunzi alipoeleza kwamba floraidi ndiyo inayotia meno rangi ndipo nilipokishusha. Kumbe sikuwa mchafu.

Basi kesho yake nilikuwa na kipindi cha Sayansi, Darasa la Nne: vitu vyenye uhai na visivyo na uhai. Kitabuni walichora ng'ombe upande mmoja na jiwe upande mwingine, katikati mstari. Nikawaambia wanafunzi wasogee, nikafungua mdomo.

"Hili ni jiwe la Meru," nikasema. "Maji yaliliyeyusha kidogo kidogo, nikayanywa nikiwa mdogo, likaingia kwenye meno."

Wakasukumana kuchungulia. Kisha msichana mmoja akauliza, "Sasa mwalimu, ule mstari wa kwenye kitabu uko wapi?"

"Niambieni nyie."

Wakaanza kubishana. Mmoja akasema samadi inageuka udongo. Mwingine akasema mizizi ya mti imepasua ukuta wao wa uani. Katikati ya kelele hizo meneja akatokea mlangoni na mpiga picha.

"Sirudii picha, mama," nikamwambia, mbele ya watoto.

Akanivuta nje. "Mbona mwanao unamnywesha maji ya mvua? Si unajua meno kama yako ni kasoro?"

"Namkinga na floraidi, maji ya mvua hayana. Simfundishi kunionea mimi aibu."

Bango lilitoka bila mimi. Pale niliposimama wamebandika maua. Sitadanganya, wiki ya kwanza niliumia, nilikuwa napita getini natazama pembeni.

Halafu ukaja mkutano wa wazazi. Nikanyoosha mkono, nikasimama bila kualikwa, nikawaeleza kwamba maji ya bomba ya shule nayo yana floraidi, ndiyo maana watoto wanahitaji maji ya mvua ya kunywa, na mdomo wangu niliufungua wote. Meneja alitazama karatasi zake. Baba mmoja fundi wa kuchomelea, mwenye meno kama yangu, akainuka akasema mabomba ya kukinga maji ya paa atayafunga yeye. Wengine wakafuata, wakachangia tenki.

Meneja hajaniomba radhi. Na mimi sijamwomba. Lakini mvua za kwanza zilipoanza, darasa langu zima lilitoroka kipindi, likaenda kubandika masikio kwenye tenki kusikiliza maji yakiingia. Nilikwenda kuwarudisha. Nikabandika sikio langu pia.