Mawe ya Ofisi ya Mwenyekiti

Kaka yangu ni fundi friji. Muulize kwa nini friji yako haigandishi, atakueleza mpaka chai ipoe na bado hajafika kwenye kompresa. Muulize kinachomuuma moyoni, atasema yuko salama, kisha ataanza kutafuta bisibisi. Ndivyo alivyo tangu tukiwa wadogo, na mimi tabia hiyo inanichosha.

Sebuleni kwake kuna tangi kubwa la samaki, alilolitengeneza kwa vioo vya friji ya duka iliyokufa. Anayeishi humo ni sikilidi mmoja, jamii moja na sato, ila huyu ni wa buluu, ana paji lililovimba na roho mbaya. Kila mwenzake aliyetiwa humo alimuua. Binti wa kaka ndiye aliyempa jina la Mwenyekiti. Binti mwenyewe tulimwita Kasuku, kwa sababu alianza kuongea mapema na hakuwahi kupumzika. Siku moja alipanda kigoda, akazamisha mkono mpaka kwapani, akamjengea Mwenyekiti ofisi: mawe mawili yamesimama, jiwe bapa juu yake kama paa, na kokoto nyeupe tano mlangoni.

"Hao ni askari wake, shangazi," aliniambia. "Huingii mpaka wakukague."

Kasuku mwenyewe alikuwa na tangi dogo juu ya rafu, lenye samaki watatu wa mikia mipana, wapole mno.

Kasuku alikufa akiwa na miaka tisa. Homa ya siku nne, basi. Nikijaribu kuieleza zaidi napandwa na hasira tu.

Baada ya mazishi, wifi yangu hakutoka kitandani ila kuwalisha wale watatu. Mwezi wa pili, lile tangi dogo likapata ufa. Maji yalikuwa yanatiririka rafuni, na wifi amelikumbatia tangi, nguo zimelowa, analia kwamba hata hawa nao wanaondoka. Kioo kipya na gundi yake vingetaka wiki nzima, na kwenye ndoo wasingefika hata siku tatu. Pakabaki mahali pamoja tu, kwa Mwenyekiti.

"Mtie huyo jambazi kwenye ndoo yeye," nilimwambia kaka.

"Atakufa. Na huyu pia ni wa mtoto," akanijibu.

Wifi alikuwa amerudi kulala. Kaka akakunja mikono ya shati, akanieleza mimi, ambaye sikuwa na haja ya kujua. "Huyu hapigani kwa njaa. Anapigania mahali pake. Ukimvurugia, anakuwa mgeni kama wengine." Akayatoa mawe yote, akayalundika upande wa pili ovyo ovyo. Akamshibisha Mwenyekiti, akafunika kioo kwa shuka pawe giza, ndipo akawamimina wale watatu. Tulipofunua baadaye, Mwenyekiti alikuwa anazunguka kama mtu aliyepotelewa na funguo. Siku tatu nzima hakumgusa mtu; wifi hakutoka chumbani, na kaka ndiye aliyewalisha. Kaka alicheka, kwa mara ya kwanza tangu msiba, na mimi nikaamini tumepona.

Siku ya nne, kaka akiwa kazini, wifi aliamka, akaoga, akafagia. Alipofika sebuleni akaona ofisi ya Kasuku imebomolewa. Hakuna aliyemwambia kwa nini. Akatafuta kwenye simu picha ya mtoto amesimama pale, mkono unachuruzika maji, akayarudisha mawe moja moja mpaka yakafanana na picha. Kokoto tano, mlangoni. Mwenyekiti akaingia ofisini kwake, akageuka, akatoka.

Nilifika alasiri. Wawili walikuwa wanaelea. Wa tatu alikuwa amejibana nyuma ya pampu, hana mkia, bado anahema. Wifi amekaa sakafuni, mkono umelowa mpaka kwapani.

"Kaka yako ameyavuruga mawe ya mtoto, wifi," aliniambia. "Wamehangaika mpaka wamekufa. Nimeyarudisha, lakini nimechelewa."

Kaka akaingia na mfuko wake wa vifaa begani. Akatazama samaki, kisha mawe. Nilimwona akizihesabu zile kokoto. Nikafungua mdomo, naye akanishika kifundo cha mkono kwa nguvu.

"Kweli, mama Kasuku," akasema. "Nimekosea mimi."

Nilimvuta nje. "Mwambie ukweli!"

"Nimwambie nini? Kwamba amewaua kwa mkono wake? Mtoto tumemzika juzi."

"Ungemweleza mapema, yasingetokea haya!"

"Ndiyo," akasema. "Kwa hiyo sikudanganya."

Yule wa tatu alikufa kesho yake asubuhi. Wiki hiyo hiyo wifi alihamishia mto wake chumba cha Kasuku, na mpaka leo, mwaka wa nne, analala huko. Si kwa ugomvi. Anampakulia mumewe chakula, anamfulia, anamwitikia. Ila hamtazami usoni.

Juzi nilikuwa pale, akaja jirani mpya. Akashangaa tangi kubwa namna ile kuwa na samaki mmoja. Wifi akamsimulia yote, taratibu, kama anavyomsimulia kila mgeni: samaki watatu wa marehemu binti yangu, na huyu baba akayabomoa mawe yake, wakafa. Jirani akamtazama kaka jinsi wanavyomtazama wote.

Kaka alikuwa anamlisha Mwenyekiti. Mawe huyaosha mwenyewe kila wiki, na kila kokoto huirudisha palepale.

"Ni kweli," akasema, bila kugeuka. "Nilikosea."

Nikakusanya vikombe nikavipeleka jikoni, nikaviosha, hata kile cha jirani ambacho kilikuwa bado kimejaa chai.