Uzi wa Kwanza wa Banjo ya Célestin

Banjo ilikuwa imetundikwa ukutani. Hakuna aliyekuwa ameipiga kwa siku mbili. Asubuhi ile Célestin akakuta uzi wake mmoja umekatika, unaning'inia kama mkia wa panya.

Huo ulikuwa uzi wa kwanza.

Baada ya miezi miwili zikawa zimekatika tano.

Na katika ua mzima wa nyumba ile, mkasi ulikuwa mmoja tu. Wa mke wake, Léocadie.

Habari hii ni ya mwaka 1954, hapa Kasongo, Wabelgiji wakiwa bado ndio wenye amri. Léocadie ni bibi yangu, aliyemzaa mama. Alinisimulia akitwanga sombe, yale majani ya muhogo, naye hakuacha kutwanga hata alipofika pabaya.

Wakati huo alikuwa na mwaka mmoja tu wa ndoa. Alikuwa ametoka kwao Wamaza, na ushonaji alikuwa amefundishwa na masista. Mtu wa maneno machache. Ukimwuliza jambo, anaangalia sindano yake kwanza.

Célestin alikuwa kinyume chake. Banjo yake ya nyuzi nne aliachiwa na fundi mmoja wa meli aliyerudi kwao, na toka siku hiyo hakuna ndoa iliyofungwa Kasongo bila yeye kuitwa. Anaitwa Wamaza. Anaitwa Salamabila kwa wachimba dhahabu. Anaitwa hata Kabambare.

Nyuzi za dukani hazikupatikana. Alitumia waya wa breki ya baiskeli, anaufumua na kusokota nyuzi mbili tatu kuwa uzi mmoja. Rafiki yake Amisi, fundi wa baiskeli ambaye pia alimpigia ngoma, ndiye aliyempa.

Sasa nyuzi zikaanza kuota ndevu.

Unaona uzi uko vizuri. Siku ya pili umeanza kuchanika. Siku ya tatu, katikati ya wimbo, pah! Wanawake wanaacha kucheza, wanaume wanapiga miluzi.

"Mutu iko anakata," akasema mama mkwe wa Léocadie, Mama Emilienne.

Hakutaja jina. Aliangalia tu mkasi.

Basi nyumba ikageuka. Léocadie akiingia chumbani, mama mkwe anakohoa nje ya mlango. Akiushika mkasi, mazungumzo yanakatika. Hata Célestin alianza kulala na banjo upande wa ukuta, yeye akiwa katikati, kama mtu anayelinda mtoto na fisi.

Uzi wa tano ulipokatika, Mama Emilienne alisema mbele ya majirani:

"Jumamosi ni ndoa ya jirani yetu Octave. Uzi ukikatika tena, Jumapili huyu binti anarudi Wamaza na mukasi wake. Miye nimechoka kulea nyoka."

Célestin alinyamaza. Kimya kile ndicho kilichomuuma Léocadie kuliko neno nyoka.

Ilikuwa Jumatano.

Naye Léocadie alikuwa na mtu wake wa kumshuku. Amisi. Nani anaujua waya ule kuliko yeye? Na banjo ikinyamaza, si ngoma ndiyo inayobaki kusikika?

Alhamisi akaenda mpaka pale Amisi anapotengenezea baiskeli.

"Shemeji, karibu. Umeleta baiskeli gani?"

"Nimeleta swali. Waya unaotupa, mbona unaoza?"

Amisi akacheka mpaka akadondosha spana.

"Eh, shemeji! Waya ni huu huu iko kwa baiskeli yangu. Nimeteremka nao vilima vyote vya kwenda Kabambare, na meno yangu yote iko hapa, hesabu." Kisha akaacha kucheka. "Waya hauozi. Waya unasuguliwa. Umetazama unachanikia wapi?"

Hakuwa ametazama.

Hakuna aliyekuwa ametazama! Watu wote walikuwa wanamtazama yeye.

Njiani akawaza sindano. Uzi wa kushonea ukichanika-chanika, mshonaji hamsingizii jirani. Anatazama tundu la sindano, kama lina kutu au ukali.

Ijumaa mchana, mama mkwe na Célestin wakiwa wamekaa barazani, Léocadie akatoka na kikopo. Alikuwa ameziweka nyuzi zilizokatika, maana ni mtu asiyetupa kitu. Akatandika nne juu ya mkeka, sambamba.

"Mama, tazama. Mukasi unakata hivi." Akakata kipande cha waya. Ncha ikatoka safi, imenyooka. "Hizi zina ndevu. Na zote zimeota ndevu pale pale, vidole viwili kutoka kwenye kitanzi cha mkiani. Mukasi wangu haujagusa hizi nyuzi, naapa mbele ya Mungu."

"Umekuwa wakili?" akasema Mama Emilienne. Lakini akasogea.

"Célestin, leta banjo."

Célestin hakuinuka.

"Leta banjo, mwanangu," mama yake akasema. "Unaogopa nini?"

Akaileta, taratibu sana.

Léocadie akachukua pamba kidogo, akaipitisha juu ya uzi kuanzia kichwani. Ikateleza. Akaipitisha kwenye kile kijiti kinachonyanyua nyuzi juu ya ngozi. Ikateleza. Akafika mkiani, pale kwenye kibati kinachoshika vitanzi vyote.

Pamba ikanasa.

Akarudia. Ikanasa tena.

"Kuna kitu kinauma hapa," akasema.

Akakinyanyua kifuniko cha kibati kwa ncha ya mkasi. Chini yake kulikuwa na kifurushi kidogo cha kitambaa, kimefungwa na kukazwa sana. Ndani yake ilichungulia senti ya zamani, ile yenye tundu katikati. Ukingo wake ulikuwa umechongwa meno kama msumeno, na meno yale yalikuwa yanalalia nyuzi zote nne.

Mama Emilienne akaruka na kushika kichwa.

"Nilisema! Dawa! Muke amefunga dawa ndani ya banjo!"

Majirani wakaanza kuchungulia juu ya ua.

Léocadie akakifungua kitambaa bila haraka. Kilikuwa cha buluu. Kilikuwa na mshono wa pindo mbili, mshono wake mwenyewe.

Ni mfuko wa shati la Célestin. Ule uliokosekana kwenye shati aliporudi kutoka Kabambare, naye akasema umenaswa na usukani wa baiskeli.

Akamwangalia tu.

"Ni miye," Célestin akasema.

"Wewe nini?" mama yake akauliza.

"Ni miye nimefunga. Uzi wa kwanza ulipokatika niliogopa. Kule Kabambare mutu mumoja aliniambia ndani ya nyumba yangu iko mwenye wivu. Akanipa hii, niilaze pale nyuzi zinapoanzia. Na kila uzi ulipokatika..." Akaiokota ile senti. "Kila ulipokatika, nilisema wivu umezidi. Nikakaza tena."

Mama Emilienne akashusha mikono kutoka kichwani.

"Na ule wa kwanza?" Mama Emilienne akauliza kwa sauti ndogo.

"Ule ulikuwa muzee tu, mama. Ulikuja na banjo toka zamani."

Siku ya ndoa, kabla ya kugusa uzi, Célestin alisimama mbele ya watu. Amisi alishusha ngoma.

"Nimemusingizia muke wangu. Nimemuacha aitwe nyoka, na nyoka..."

"Basi," Léocadie akamkatiza toka kati ya wanawake. "Inatosha. Piga."

Akapiga. Nyuzi nne zikashika mpaka mwisho.

Watu walishangaa Léocadie alivyosamehe upesi vile. Jumatatu mfuko ulikuwa umesharudi kwenye shati, kwa pindo mbili. Mama Emilienne alimsifu sokoni: huyo si mkwe, ni malaika.

Mimi nami nilimsifu, pale kando ya kinu. Nikamwambia, bibi, wewe ulikuwa na moyo mkubwa.

Ndipo mchi ukasimama, kwa mara ya kwanza.

"Wewe umesoma," akasema. "Nyuzi zilikatika ngapi?"

"Tano."

"Na juu ya mkeka niliweka ngapi?"

"Nne."

"Ule wa kwanza haukuwa na ndevu," bibi akasema. "Nilikuwa na mimba ya mama yako na hakuna aliyejua. Nilitapika wiki nzima. Naye alikuwa anaenda tena Salamabila. Nilitaka abaki Jumapili moja tu, nimwambie. Nikachukua mukasi."

"Akabaki?"

"Alienda Kabambare kutafuta dawa."

Babu alikufa akiamini kwamba uzi ule ulikuwa mzee.

Mnaosoma, nimelikalia jambo hili muda mrefu kabla ya kuliandika. Wengi mtasema funzo ni usimshuku mtu kabla ya kutazama uzi unachanikia wapi. Ni kweli. Lakini bibi aliniachia jingine, na ndilo ninalotembea nalo: neno uliloogopa kumwambia mwenzako, liseme. Usilikabidhi kwa mkasi.