Nilimweka Binti Yangu Rehani kwa Fainali ya Sataranji

Msimamizi, nifiche jina na ubadilishe ya wengine, maana mtaa wetu ni mdogo na mimi nina maadui wa kutosha.

Nina miaka hamsini na minne, mkazi wa Kaloleni tangu kuzaliwa, karani niliyestaafu mapema. Nasoma chochote chenye maandishi na nabishana na yeyote mwenye mdomo. Kwenye ukumbi wa mtaa wananiita Wakili, ingawa sijawahi kusimama mahakamani. Najua baadhi yenu mtanitukana. Tukaneni, lakini someni kwanza mpaka mwisho, jambo ambalo wengi wenu hamna mazoea nalo.

Ukumbini tunacheza sataranji kila alasiri. Fainali ya ubingwa wa dunia ilipoanza, tuliunganisha simu na televisheni tukawa tunafuata kila mchezo, na ubishi ukawa mmoja tu: nani atatwaa taji? Nilitangaza tangu mwanzo kwamba ni bingwa mtetezi. Mpinzani wake, nikawaambia, ni mtoto aliyelelewa na kompyuta, na siku atakapobanwa peke yake mezani bila mashine atatokwa jasho mpaka viatuni. Nilirudia hivyo kila siku, kwa sababu hoja isiyorudiwa hufa.

Sasa, binti yangu wa kwanza, nimwite Mutheu, ana mchumba. Huyo nimwite Njoroge. Anauza vitambaa Eastleigh, ana adabu, hanywi. Kosa lake kwangu lilikuwa moja: habishani. Ukimwambia mvua itanyesha, anasema sawa, Baba. Ukimwambia haitanyesha, anasema sawa, Baba. Nikajiuliza mtu wa namna hiyo atamtetea binti yangu mbele ya nani. Kwa hiyo kila alipoulizia siku ya kuleta mbuzi wa ntheo, nilimzungusha. Kwa asiyejua, kwetu Wakamba mbuzi hao ndio ndoa. Bila wao, hata mwanamke akizeeka kwa mumewe, bado anahesabiwa ni wa kwa baba yake.

Jumapili iliyopita Njoroge alinifuata ukumbini kuulizia tena. Jamaa mmoja akamchokoza: "Na wewe mkwe, taji unampa nani?"

Nilingoja aseme sawa, Baba. Akasema, "Mpinzani."

Nikamuuliza kwa nini.

"Bingwa anacheza asishindwe, Baba. Mwenzake anacheza ashinde. Mwishoni hiyo tofauti itaonekana."

Ukumbi ulicheka, na haukumcheka yeye. Mtu wa nyuma akasema leo Wakili amepata kesi. Mwingine akauliza kama nitakata rufaa. Damu ikanipanda. Nikasimama mbele ya wote nikasema, "Mpinzani akishinda, lete mbuzi. Bingwa akihifadhi taji, nisikuone tena mlangoni kwangu."

Njoroge akasema, "Sawa, Baba." Na Mungu anisamehe, hapo ndipo nilipompenda kwa mara ya kwanza.

Wachezaji wale tangu hapo wamefukuzana mpaka wamelingana pointi. Umebaki mchezo mmoja, kesho alasiri. Mtaa umegawanyika, na watu ambao hawajui farasi wa sataranji anavyoruka wananisimamisha njiani kuniuliza kama binti anaolewa au haolewi.

Mutheu aliyasikia kwa msusi wake, kichwa kikiwa nusu kimesukwa. Alikuja nyumbani hivyo hivyo. Mama yake alikuwa anachambua mboga. Alinyanyua sufuria yake akatoka nje, akatuachia chumba.

"Baba, kumbe mimi ni kombe?"

Nikaanza kujieleza. Nilikuwa na hoja nzuri kuhusu heshima ya neno la mzee. Hakunipa nafasi.

"Mbuzi wa kamari hawataingia hapa," alisema. "Njoroge akishinda, nitawarudisha mimi mwenyewe na kuondoka. Akishindwa, nitaondoka bila mbuzi na bila wewe. Rudisha neno lako pale pale ulipolitoa, na ulirudishe kabla mchezo haujaanza. Ukingoja matokeo, utakuwa unalipa dau au unasamehe mshinde. Mimi sitaki kulipwa wala kusamehewa."

Nimebishana na wanasiasa, wachungaji na walimu wakuu. Hakuna aliyewahi kunibana kama mtoto niliyemlea mwenyewe.

Mutheu amemkemea Njoroge vilevile. Jana Njoroge alinipigia simu akasema yuko tayari kujiondoa kwenye dau, ila hawezi kulirudisha neno kabla ya mzee aliyelitoa. Itakuwa amenivua nguo hadharani. Kwa hiyo anasubiri nianze mimi. Adabu yake hiyo ndiyo imenifunga kamba.

Mtauliza shida iko wapi, si niseme tu samahani. Ninyi hamnijui. Mimi ndiye niliyemzomea mwakilishi wa wadi mpaka akatoka mlango wa nyuma wa ukumbi ule, kwa kosa la kugeuza kauli. Mimi ndiye husema mtu akimeza maneno yake leo, kesho atameza ya wenzake.

Na kuna jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, ndiyo maana nimekuja hapa bila jina. Nimepanga kete na kuirudia michezo yote, hatua kwa hatua. Njoroge yuko sahihi. Bingwa ameshika kiti kwa mikono miwili na hana mkono wa kupigania. Kesho atashindwa, naona kama ninavyoona vidole vyangu. Nikisimama sasa kufuta kauli, ukumbi mzima utasema Wakili ameona kipigo kinakuja akakimbia. Nikikaa kimya, utabiri wangu utaanguka kwa heshima zake, mbuzi wataletwa, na binti yangu atawarudisha kisha aondoke.

Asiniambie mtu niombe tu, kuomba naomba. Asiniambie eti muda utaponya. Muda ninao mpaka kesho saa tisa. Ninyi mnaojua kushindwa mbele za watu na bado mkarudi nyumbani mkakaribishwa chai, niambieni: nikisimama kesho kabla askari wa kwanza hajasogezwa, nianze na neno gani?