Koti la Mkurugenzi Mpya

Mkurugenzi mpya wa kampuni ya nguo hupita kati ya meza za washonaji akigusa vitambaa kwa ncha za vidole, kama mtu anayepima joto la pasi. Kila anaposimama husema, "Sisi ni familia, jamani," huku akivuta mikono ya koti lake. Leo ametangaza kwamba kitengo cha kumalizia nguo kwa mkono kitafungwa mwisho wa mwezi, maana hakuna mteja anayeiona kazi yake. Alipogeuka, fundi mkuu wa kitengo hicho aliona mpasuo wa nyuma wa koti lile bado umefungwa kwa uzi mweupe wa muda, uzi ambao hukatwa kabla nguo haijavaliwa, na kwa miaka ishirini kuukata imekuwa kazi yake. Akatoa mkasi, akamsogelea.

"Mama, una swali?"

"Sina, bosi. Wapiga picha wanakusubiri."

Fundi akarudisha mkasi mfukoni.